Wimbo Una Wenyewe

Kutulo

Mwanangu,

Mvua imenyesha upande wa Elwak, malisho yamerudi, na mguu wa mama yako umepoa kidogo ingawa hataki kuukalisha. Picha ya ile karatasi ya studio imefika. Nimeisoma kwa miwani, kisha nikampa mwalimu wa hapa shuleni naye akaisoma. Nitafika huko. Kwanza nijibu wewe: ule wimbo uliouweka mtandaoni, maneno yake ni ya nani? Na laxan, yaani mahadhi, ni ya nani? Nimeona jina lako na la studio tu, na mimi wimbo ule ninaujua tangu kabla dada yangu hajaolewa na baba yako.

Sikugombezi. Nyimbo hizi zimekufikia bila majina, na ninajua yalikopotelea, maana mengine yalipotelea mezani pangu.

Hukuikuta ile hoteli yangu ya mabati, pale malori yaliposimama yakitoka Wajir kwenda Mandera. Mkoa mzima ulikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, zilizoanza wakati wa vita vya shifta na zisiondolewe mpaka 1991. Gazeti lilitufikia likiwa limeshafungiwa sukari. Kilichofika kizima ni kanda. Dereva anashuka, anaagiza chai ya maziwa ya ngamia, anatoa kanda kwenye mfuko wa shati. Akiipenda iliyomo kwenye redio yangu tunabadilishana, asipoipenda ananiachia yake mpaka atakaporudi. Baadaye nikapata redio kaseti ya deki mbili, na watu wakaanza kuleta kanda tupu niwajazie. Kanda moja, nyimbo za kila namna, kila mtu na orodha yake.

Kalamu ya Bic ndiyo tuliyozungushia kanda kuirudisha nyuma, ili mawe ya redio yasiishe. Yakichoka tunayaanika juani yapate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Ukitaka kanda isifutwe, unavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake. Akija mjanja anaziba matundu kwa karatasi ya sigara, anarekodi harusi ya binamu yake juu ya wimbo wa watu, na imetoka hiyo. Jina la mwimbaji halikuwa ndani ya kanda. Lilikuwa kwenye kikaratasi cha kasha, na makasha yalipasukia kwenye malori. Nakala ikazaa nakala, sauti ikififia na ule mvumo ukizidi, na anayenakili akiandika analolijua. Kila sauti tamu ya kike ikawa Magool, kwa sababu Magool ndiye aliyeuzika. Hibo Nuura akawa Magool, Khadra Dahir akawa Magool. Mimi mwenyewe nimebishana na madereva mpaka chai ikapoa.

Wazee wetu wangeliona jambo hilo ni aibu. Kabla ya 1972, Kisomali kilipopewa maandishi rasmi, shairi lilikaa vichwani mwa watu, na mwenye kulisoma mbele ya baraza alianza kwa kumtaja aliyelitunga. Kisha alilisoma kama lilivyo. Ukilitia maneno yako au ukajifanya ni lako, ulikemewa papo hapo, na habari zako zinatangulia kisima kinachofuata. Ofisi ya hakimiliki haikuwapo, lakini haki ilikuwapo.

Hata huu muziki wa ala ulikuja na majina. Abdi Sinimo alikuwa dereva wa lori upande wa Borama. Inasimuliwa kwamba katikati ya miaka ya 1940 lori lilimharibikia njiani, na hapo ndipo alipotunga kile kiitikio kifupi cha mapenzi kilichozaa balwo. (Barabara yetu hii ilivyo, tungekuwa tunaongoza dunia kwa watunzi.) Mashekhe waliikasirikia balwo, na wengine wamekasirika mpaka leo, babu yako akiwa mmoja wao, kwa hiyo barua hii usimsomee. Halafu akaja Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa mwaka 1924 Moshi, Moshi hii hii ya chini ya Kilimanjaro, akaishi Aden na kurudi na udi. Balwo ikarefuka, ikapata ala, ikawa heello, na Radio Hargeisa ikaipeperusha.

Sasa angalia tofauti na Nairobi. Nairobi muziki ulikuwa biashara ya kampuni tangu zamani: kampuni za santuri zilitafuta sauti hapa Afrika Mashariki tangu 1928, Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi. Miaka ya 1960 ikaja Equator ya Charles Worrod na wenzake. Kulikuwa na mkataba, kulikuwa na lebo iliyochapwa jina katikati ya santuri, na bado wasanii waliumia. Fadhili William alirekodi Malaika, Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, na mpaka Fadhili anafariki mwaka 2001 ubishi haujaisha kama mtunzi ni yeye au Adam Salim. Ikiwa wimbo unaojulikana dunia nzima unaweza kugombaniwa hivyo, wa kwako utakuwaje?

Mogadishu hakukuwa na Worrod. Baada ya mapinduzi ya 1969 serikali ya Siad Barre ndiyo iliyokuwa bendi, studio na mnunuzi. Waaberi walikuwa wa taifa, Iftin walikuwa chini ya Wizara ya Elimu, Horseed wa jeshi. Mwanamuziki alipokea mshahara kama karani. Nyimbo zilirekodiwa Radio Mogadishu na Radio Hargeisa ili zipigwe hewani, si ili ziuzwe dukani. Bendi za watu binafsi kama Dur-Dur zilipigia hotelini, na hata wao kazi zao zilisambaa kwa kanda. Ndiyo maana nyumbani kwetu sikuwahi kuona santuri ya Kisomali: msikilizaji alinasa wimbo redioni, au alikwenda dukani kujaziwa kanda. Kazi zilikuwa nzuri ajabu, maana wanamuziki walilipwa wafanye mazoezi kutwa. Lakini anayekulipa mshahara ndiye anayekufunga mdomo. Maryam Mursal alipoimba wimbo uliowakera wakubwa, alizuiwa kuimba, akaishia kuendesha teksi mjini Mogadishu.

Mwaka 1988 ndege za serikali hiyo hiyo zikaipiga Hargeisa kwa mabomu. Wafanyakazi wa redio walikuwa wamezifukia kanda ardhini na nyingine kuzivusha nje ya nchi. Mwaka 1991 Mogadishu nayo ikaanguka. Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema kunakili ni wizi mtupu. Kama kila wimbo ungekaa ndani ya ghala moja lenye kufuli, leo usingekuwa na wimbo wa kuimba. Zilizopona zilipona kwa sababu ziko Jijiga, ziko Djibouti, ziko Eastleigh kwenye vibanda vya Garissa Lodge, ziko Kutulo kwa mwuza chai. Kituo cha utamaduni cha Redsea, Hargeisa, kimekusanya zaidi ya kanda 10,000, nyingi zikitoka mikononi mwa watu wa kawaida. Lakini huko huko kunakili ndiko kulikowafanya wenye nyimbo wasipate hata nauli. Yote mawili ni kweli, na sioni sababu ya kuyapatanisha.

Mwaka 2017 kampuni ya Marekani, Ostinato Records, ilichagua nyimbo kutoka kanda hizo na kutoa albamu ya Sweet as Broken Dates, ikateuliwa kuwania Grammy. Watu walishangilia uteuzi. Mimi nilichoshangilia ni kijitabu kilichokuja nayo: majina, picha, wanamuziki wenyewe wakihojiwa. Kwa mara ya kwanza nikajua baadhi ya niliokuwa nikiwaita Magool ni akina nani. Na usidhani lazima atoke mtu mbali. Akina mama wa Gargar wa Garissa waliimba nyimbo zao za Kisomali na Ketebul Music ya Nairobi ikawatolea albamu, Garissa Express, na jina la kundi likabaki pale pale juu.

Sasa karatasi yako. Inasema studio itamiliki rekodi, utunzi na sauti yako, milele na duniani kote, kwa malipo ya mara moja. Hayo ni mambo matatu na wanakupa bei moja. Aliyegharamia kurekodi ana haki yake kwenye rekodi, simnyimi. Aliyetunga ana yake, nayo kwa sheria ya Kenya inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo wimbo ule wa kale huenda una warithi walio hai hapo hapo Nairobi. Anayeimba na anayepiga kinanda wana yao. Ndiyo sababu vyama vya kukusanya mirabaha navyo kwa miaka mingi vilikuwa vitatu: MCSK wa watunzi, PRISK wa waimbaji na wapigaji, KAMP wa watayarishaji. Vyama vya namna hii vinalalamikiwa, najua, na malipo yake mengine ni ya kuchekesha, lakini ukiwa hujaandikishwa hata hicho cha kuchekesha hukipati. Na milio ya simu, Skiza na wenzake: sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtengea msanii asilimia 52 ya mapato. Karatasi yako haitaji Skiza popote, ila neno «mapato yote» limo mara kwa mara. Waambie wayagawe. Wakikataa, kuna studio nyingine mtaa huo huo. Na nenda KECOBO, ofisi ya hakimiliki, ukasajili zile nyimbo tatu ulizotunga mwenyewe kabla hujawachezea watu.

Ule wa kale ushushe kwanza. Wapelekee wazee wanaokaa kwenye vile vibanda vya chai vya Eastleigh, uwapigie, uulize. Hawatakubaliana, lakini jina litakalotajwa na wengi liandike, pamoja na jina la aliyekuambia.

Mimi nakutumia katoni ya kanda zangu kwa dereva wa basi la Ijumaa. Nimezifunga kwa nailoni, vumbi lisiingie, na nyingine utepe wake umeshikana, kwa hiyo usizipige kabla fundi hajaziangalia. Redio yenyewe siitumi, mpira wake umekatika. Tafuta deki nzima huko, na safisha kichwa chake kwa spiriti, si kwa manukato kama mama yako alivyokuwa akifanya. Nilizoziandika majina kwa wino mwekundu nina hakika nazo. Za wino wa buluu nilisikia tu. Zisizo na kitu ndizo nyingi, anza na hizo. Dereva umlipe ukifika kuzichukua, nimeshapatana naye, asikuongezee.

Habaryar wako, mama mdogo