Mikaratusi ya Sironga na Elimu ya Sera

Katika vijiji vya Nyamira, mzazi akisema kwamba mwanawe asomea udaktari au ualimu, hakuna amwulizaye swali la pili. Lakini kijana mmoja wa Sironga alipopata nafasi ya kusomea sera ya umma katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, majirani walimwuliza baba yake kama mtoto anajitayarisha kugombea kiti cha wadi. Hawakukosea sana. Zamani neno "siasa" lilibeba maana zote mbili: mashindano ya kutafuta madaraka, na pia mpango ambao serikali huufuata katika jambo fulani. Hilo la pili ndilo siku hizi liitwalo sera.

Chuo hicho kipo Kahawa, nje kidogo ya jiji la Nairobi, mahali palipokuwa kambi ya askari wa Kiingereza hadi mwaka 1965. Masomo huchukua miaka 4, nayo ni uchumi, takwimu, sheria na uendeshaji wa ofisi za serikali. Maneno ni mengi, lakini yote hurudi kwenye maswali machache: tatizo ni lipi hasa, nani ana haki ya kuamua, fedha zitatoka wapi, na nani atapata hasara? Hilo la mwisho wanafunzi hulijibu upesi upesi, maana darasani mwenye hasara hana uso.

Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hutakiwa kufanya utafiti wake, na kijana huyo akachagua kinamasi cha Sironga. Bonde hilo lilikuwa na mafunjo mengi, na sasa sehemu zake zimelimwa, nyingine zafyatuliwa matofali, na nyingine zimepandwa mikaratusi. Mti huo uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi. Wakulima wa Gusii waliupenda kwa sababu zilizo wazi: wakua upesi, wauzwa kwa nguzo, kwa mbao na kwa kuni za viwanda vya chai. Tena mwenye kishamba chembamba kiteremkacho hadi bondeni hawezi kuvuna mahindi penye tope. Mkaratusi humkaushia tope hilo, na juu yake humpa fedha. Kwa bahati mbaya, maji yanayokauka ni yaleyale ya chemchemi.

Alipofungua vitabu vya sheria, kijana alikuta vipimo visivyopatana. Kanuni za mwaka 1965 chini ya Sheria ya Kilimo zilitaja mita 2 kwa kijito chembamba. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zikataja mita 6 hadi 30, kuanzia pale maji yalipofikia katika mafuriko makubwa kuliko yote yaliyoandikwa. Mwaka 2009 zikatoka kanuni za kumtaka mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake, na mwaka huohuo John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, akaamuru mikaratusi iliyo kando ya mito iondolewe.

Basi wakati wa likizo kijana alichukua kamba akaenda kupima. Safu ya kwanza ya mikaratusi ya baba yake ilikuwa mita 4 kutoka kwenye kijito. Kwa kipimo cha 1965 haikuwa na kosa; kwa kipimo cha 2006 ilikuwa na kosa. Shamba lenyewe ni ekari 2, na miti ile ya bondeni ndiyo iliyotimiza asilimia 10. Ikiondolewa, miti mingine ingebidi iingie kwenye chai au kwenye mahindi. Na kulikuwa na hesabu nyingine isiyoandikwa katika kanuni yoyote: ada yake ya chuo ilikuwa ikilipwa kwa miti hiyohiyo.

Alimweleza baba yake yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hao waliotunga kanuni, walisema nani atalipa ada mwaka ambao miti haipo?" Kijana hakuwa na jibu. Mama yake, aliyekuwa akichambua mboga, alisema bila kuinua kichwa, "Miti ni ya baba yako. Maji ni yangu." Kila Januari na Februari huteka maji mbali zaidi, maana chemchemi ya karibu hutoa matone tu.

Hapo ndipo karatasi ya utafiti ilipobadilika. Kijana aliacha kuandika kwamba wakulima wahamasishwe, neno linalopendwa mno na watu wasio na shamba bondeni. Badala yake alipendekeza miti ikatwe ikikomaa, mkulima asipoteze mavuno yake, na kaunti impe miche ya mianzi na nduma kabla ya shoka kuingia. Akaongeza kwamba mmoja akikata peke yake chemchemi haitarudi, ikiwa jirani wa juu na wa chini hawajakata.

Baba yake alikata safu mbili za karibu na kijito, akalipa ada ya muhula wa mwisho. Mkaratusi uliokatwa huchipua tena, kwa hiyo kila Jumamosi mama huteremka na panga kuondoa machipukizi, na nduma zimeanza kushika kati ya visiki. Safu ya tatu bado imesimama. Mdogo wake yuko sekondari.