Walipewa majibu gani?

Ukiona gazeti limeandika "asilimia 58 wanasema hivi", usikimbilie kwenye namba. Uliza kwanza: walipewa majibu gani ya kuchagua? Mimi siku hizi habari ya kura ya maoni siigusi kabla sijaliona dodoso lenyewe. Ofisini wananiona msumbufu. Basi na wanione.

Chukua uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2008. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza wapiga kura ni suala gani lililowasukuma zaidi. Kundi moja likasomewa masuala matano, uchumi ukiwamo. Asilimia 58 wakachagua uchumi. Kundi la pili likaachwa liseme lenyewe: uchumi ukapata 35 tu, na asilimia 43 wakataja mambo ambayo kwenye orodha hayakuwamo kabisa! Kati ya waliosomewa orodha, waliothubutu kutoka nje yake ni asilimia 8. Swali lilikuwa lile lile. Sasa mwandishi aliyepata matokeo ya kundi la kwanza peke yake ameandika nini? Na wala hajadanganya.

Ya Ujerumani ndiyo kali. Mwaka 1985 Norbert Schwarz na wenzake walichapisha utafiti kuhusu saa za kutazama televisheni kwa siku. Waliopewa majibu yanayoanzia "hadi nusu saa", asilimia 16 walisema wanazidi saa mbili na nusu. Waliopewa majibu yanayoanzia "hadi saa mbili na nusu", wakawa karibu 38. Nani anazihesabu saa zake? Mtu anaitazama orodha, anajiweka mahali ambapo hataonekana wa ajabu.

Na hapa kwetu Tanzania? Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa 1991, ilikusanya maoni: chama kimoja au vyama vingi? Karibu asilimia 80 walitaka kimoja, na hiyo ndiyo namba tunayoimba mpaka leo. Lakini wengi wao walitaka pia mabadiliko makubwa ndani ya mfumo huo. Haya, anayesema "kimoja, ila si hivi" unamtia kapu gani? Tume ikapendekeza vyama vingi, vikaruhusiwa 1992, na bado kuna wanaosema wananchi walipuuzwa. Labda. Ila mimi ningependa kwanza kuona hao wa "ila" wamehesabiwa peke yao.

Kwa hiyo nikipewa dodoso naanzia chini: "sijui" ipo? "Mengineyo" ipo? Na je, mhoji aliisoma kwa sauti, au aliiacha hapo chini kama pambo?