Isevya, Kwenye Redio za National

Ukifika Tabora na mwenzi wako, msiishie Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Mimi hukatiza hadi Isevya, kwa mafundi redio. Misafara ilileta vitambaa na shanga. Reli, iliyofika mwaka 1912, baadaye ikatuletea redio za National. Jina hilo Konosuke Matsushita wa Osaka alilianza mwaka 1927 kwa taa ya baiskeli, ikafuata pasi ya umeme. Kiwanda chake cha betri na redio kikaja Dar es Salaam miaka ya 1960. Mwaka 2008 jina likawekwa kando, ikabaki Panasonic.

Nyie mnaoanza maisha, msikimbilie kutupa redio ya mzee eti inaharibu sebule. Alijinyima kuinunua. Ipelekeni kwa fundi kwanza!