Ndege ya rimoti iliyogoma kuruka Mbeya

Ukipanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mlima unausikia kabla hujauona. Mkishapita Mikumi na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, basi linaanza kupanda Kitonga. Dereva anapunguza gia, injini inanguruma, na malori yenye mizigo yanatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Binti yangu wa kidato cha pili alikaa dirishani, amekumbatia boksi refu kama aliyebeba mtoto. Ndani yake kulikuwa na ndege yake ya rimoti.

Ni ndege ya povu jeupe gumu, kama lile linalofungashiwa televisheni, yenye mabawa ya mita moja na ushee. Mota yake ni ya umeme. Ufukweni Kigamboni, upepo wa bahari ukivuma, iliruka vizuri. Likizo hii alitaka kumwonyesha mjomba wake, kaka yangu mkubwa, fundi magari wa siku nyingi pale Mbeya.

Betri niliibeba mwenyewe kwenye mkoba wangu. Betri hizi za lithiamu zina nguvu nyingi na zikipondwa zinaweza kushika moto, kwa hiyo hazikai buti chini ya masanduku. Hata ukisafiri kwa ndege, betri za akiba hubebwa mkononi.

Asubuhi kwenye mabua

Mbeya mwezi wa saba ni baridi hasa. Tulitoka na masweta hadi kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, Mlima Loleza ukitutazama kwa mbali. Kaka alikuwa ameshaomba ruhusa kwa mwenye shamba na kuulizia taratibu za urushaji. Alichagua pia mahali palipo mbali na watu, nyaya za umeme na uwanja wa ndege.

Binti akaongeza moto, akairusha kwa mkono. Ndege ikaenda hatua kama kumi, ikashuka polepole, ikalala kwenye mabua. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu bawa likagusa ardhi kwanza, povu likapasuka kidogo. Hakulia, lakini alinyamaza kabisa, na mwenye mtoto wa umri ule anajua ule ukimya.

"Hii haina injini, mjomba," kaka akasema. "Twendeni nyumbani nikupe injini."

Zawadi ndani ya kopo

Kaka akatoa kabatini kopo la maziwa ya unga. Ndani, ndani ya kitambaa chenye mafuta, kulikuwa na injini ndogo ya kweli: silinda, kabureta, ekzosi yake. Ni saizi ambayo wenye mchezo huu huiita "arobaini", yaani ujazo wa inchi za ujazo 0.40, kama sisi 6.5 hivi. Aliitunza miaka mingi. Akamwekea mpwa wake kiganjani, na nikaona macho ya binti yakiwaka.

Hapo ndipo nilipobanwa. Kaka yangu ni mkubwa wangu, na zawadi ya mkubwa hairudishwi. Lakini binti alipoiweka kwenye mizani ya jikoni, ilisoma karibu gramu 400, bila tangi wala mafuta. Mota yake ya umeme haifiki gramu 100. Ndege nzima ina kilo 1.1. Uzito ule ukiuweka puani, ndege itakwenda kichwa chini, na mtikisiko wake utalipasua povu lile. Injini ya saizi ile huwekwa kwenye ndege ya mbao yenye mabawa ya kama mita moja na nusu na uzito wa kilo mbili na nusu hivi.

Pia haitumii petroli. Inatumia mchanganyiko wa methanoli, oili na mara nyingi nitromethani. Methanoli ikiwaka mchana, moto wake hauonekani vizuri. Ikinywewa, hata kidogo, inaweza kupofusha au kuua. Mzazi, ukiwa na kitu hicho nyumbani, kisikae hata siku moja kwenye chupa ya maji.

"Shida si injini kuwa ndogo, kaka," nikamwambia kwa upole. "Nadhani ni hewa ya huku kwenu."

Akacheka. Kisha akanyamaza, maana anajua magari. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15. Injini ya mafuta hupata oksijeni pungufu, hivyo lazima mafuta yapunguzwe kwenye kabureta. Mota ya umeme haivuti hewa, lakini pangaboi lake hushika hewa kidogo zaidi, na mabawa nayo hivyo hivyo. Ndege iliyokuwa na nguvu ya kubahatisha Kigamboni, huku haina kitu.

Kipimo cha fundi

Kaka akairudisha injini kwenye kopo, akaleta kifaa chake cha kupimia umeme kwa kubana waya. Tukaifunga ndege mezani kwa kamba, sote tukasimama nyuma yake. Usisimame kamwe mbele wala ubavuni mwa pangaboi. Hata hili dogo linakata kidole.

Ampea 10 kwa volti 11: wati 110. Kwa ndege ya kilo 1.1 hizo ni wati 100 kwa kilo. Kwa ndege ya kujifunzia, kawaida inayopendekezwa ni kama wati 150 kwa kila kilo.

Kwenye boksi kulikuwa na pangaboi la akiba la inchi 9, badala ya lile la 8. Binti akalifunga. Ampea 15, wati 165. Kidhibiti mwendo cha ndege yetu kinabeba ampea 20, na mota inaruhusu mzigo huo. Baada ya dakika moja kaka akaigusa mota. "Ina joto la kawaida," akasema, na nikajua amesharidhika.

Ukienda dukani, mzazi, usidanganywe na herufi kV kwenye mota. Maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Namba kubwa ni ya pangaboi dogo la kasi, namba ndogo ni ya pangaboi kubwa la taratibu. Anza na uzito wa ndege, kisha wati, kisha mahali mtakaporushia.

Siku ya pili

Alfajiri ya pili ndege iliondoka mkononi mwa binti, ikazama kidogo, kisha ikapanda. Ikazunguka shamba lile mara nne huku kaka akipiga kelele kama kijana.

Siku ya kuondoka alituletea lile kopo la maziwa. "Lichukue, mjomba," akamwambia. "Ukijenga ndege ya mbao ya kilo mbili na nusu, uje nayo tuiwashe pamoja."

Tulipofika Dar, kabla hata ya kufungua nguo, binti alisema pangaboi la 9 lipimwe upya, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito na itavuta ampea nyingi zaidi. Sikumfundisha mimi hilo. Kopo liko juu ya kabati lake, na wiki iliyopita aliniuliza bei ya mbao nyepesi.