Kariakoo: Pikipiki zisizosikika na watoto wanaovuka kwa masikio

Ukitoka Mnazi Mmoja kwa miguu na kuifuata Barabara ya Uhuru, Kariakoo unaisikia kabla hujaiona. Machinga ananadi bei kwenye kipaza sauti, bodaboda wanapiga honi, na msukuma mkokoteni anajipenyeza katikati ya watu akiita, "Pisha! Pisha!" Mkokoteni hauna injini, hivyo honi yake ni mdomo wa anayeusukuma.

Siku hizi zimeingia pia pikipiki na skuta za umeme. Kwa afya zina heri, maana hazitoi moshi pale mtoto anapopita. Tatizo ni kwamba zikienda taratibu karibu hazisikiki, na katika msongamano wa Kariakoo vyombo vingi huenda taratibu.

Katika wilaya hiyohiyo ya Ilala ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona. Mtoto asiyeona husimama ukingoni mwa barabara na fimbo yake nyeupe, akasikiliza. Mlio humwambia chombo kiko upande gani, kinakuja au kimeshapita. Mlio ukikosekana, hana cha kumwongoza.

Hata anayeona hayuko salama. Mtoto mdogo bado hajui kupima vizuri kasi na umbali, na kimo chake humfanya afichwe na meza za biashara.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria ni za mwaka 2010. Zote ziliandikwa wakati chombo cha moto kilijitangaza chenyewe kwa mlio. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza sharti kuhusu suala hili Julai 2019: aina mpya za magari ya umeme lazima zitoe sauti zinapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Lakini sharti hilo ni la magari, pikipiki hazimo.

Kwa mitaa kama ya Kariakoo, pikipiki ndiyo ingepaswa kuanza. Sharti la mlio liende pamoja na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa karibu na shule na masoko, kiwango kilichopendekezwa kwenye Azimio la Stockholm la mwaka 2020.

Wakati kanuni zikisubiriwa, mzazi, mshike mwanao mkono na umweke upande wa ndani, mbali na vyombo. Mfundishe kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, hata kama hasikii kitu. Akiwa na simu, avue visikilizio kabla ya kuvuka.

Nawe dereva wa chombo cha umeme, ukifika penye watoto punguza mwendo na uite mapema, kama afanyavyo msukuma mkokoteni.