Kujikosoa Katika Kazi ya Ualimu

Mwaka mmoja tulifika Bugomora, Kyerwa, kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Tuliombwa kutoa somo la mfano la hesabu: 32 kutoa 17. Kila tulipouliza, "Mmeelewa?" darasa zima liliitikia, "Ndiyo!" Tukaridhika.

Walimu walipoketi kulijadili somo, mwanachuo mmoja alisema kwa adabu, "Mkufunzi, utuwie radhi. Watoto wa nyuma waliitikia tu. Madaftari yao yana jibu la 25."

Tuliona haya, maana sisi ndio tuliokuja kukosoa. Tungalitumia cheo kumnyamazisha, asingalisema tena, wala wenzake. Tukamwomba tuandae somo upya pamoja naye. Kesho yake watoto walifunga vijiti kumi kumi, wakafungua kifungu kimoja, wakatoa 17, zikabaki 15. Kisha tukayapitia madaftari, kuanzia ya nyuma.

Leo jumuiya za kujifunza za MEWAKA zinawakutanisha walimu shuleni kwa kazi hiyohiyo. Lakini vikao havitafaa kitu iwapo mkubwa hakosolewi. Ndugu mwanachuo, utakapokuwa mwalimu mkuu, somo la kwanza kujadiliwa na liwe lako.