Karatasi za Kodi

Shuleni tulikariri majina ya wafalme na tarehe za vita, na wengi wetu tulitoka tukiamini kwamba historia ni habari za wakubwa. Aliyeniondoa katika fikra hiyo ni mtu ambaye sikupata kumwona ila katika vitabu: David Herlihy, mwanahistoria Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1930 na kufariki mwaka 1991.

Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1956. Mwaka 1958 alitoa kitabu juu ya mji wa Pisa, na mwaka 1967 kingine juu ya Pistoia, yote miji ya Italia ya Zama za Kati. Alifundisha Bryn Mawr, Wisconsin, Harvard na hatimaye Brown, na mwaka 1990 alikuwa rais wa Chama cha Wanahistoria wa Marekani. Hivyo ni vyeo vya kuheshimiwa. Lakini kazi iliyolibakiza jina lake ilifanyika mbele ya madaftari ya kodi.

Mwaka 1427 mji wa Firenze ulikuwa umeelemewa na gharama za vita dhidi ya Milano. Ukaamuru kila mkuu wa kaya, mjini na vijijini, aeleze mali yake, madeni yake, na watu anaowalisha pamoja na umri wao. Kwa raia wa mjini, kila kinywa cha kulishwa kilipunguza florini 200 katika mali ya kutozwa. Basi watu wakajieleza, bila shaka kwa manung'uniko, na karatasi zikahifadhiwa.

Kuanzia mwaka 1966 Herlihy na mwenzake Mfaransa, bibi Christiane Klapisch-Zuber, walianza kuziingiza habari hizo katika kompyuta, zama zile za kadi za kutoboa: kaya zipatazo 60,000, watu zaidi ya 260,000. Kitabu chao kilitoka mwaka 1978. Miaka kumi na miwili kwa kodi ya wakati mmoja! Lakini subira huvuta heri. Walituonyesha mji ambao tauni ya mwaka 1348 na zile zilizofuata ziliupunguza hata ukabaki na watu wapatao 37,000. Mji ambao msichana aliolewa akiwa na miaka kama 18 na mume wa miaka kama 30, na kwa hiyo wajane walijaa.

Waligundua pia kwamba watu wengi mno walisema wana miaka 30, 40 au 50, na wachache sana 39 au 41. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Katika sensa ya mwaka 1988 karani alimwuliza mama yangu umri wake, naye akajibu bila kusita, "Andika sitini, mwanangu." Wala hakuwa akidanganya. Sitini kwake ilikuwa na maana ya mtu mzima aliyekwisha kuona mengi.

Baba naye aliichukia kodi ya kichwa kwa moyo wake wote. Msimu wa kodi ulipofika alikosa usingizi, na mara moja alimwuza mbuzi wetu wa maziwa ili asikamatwe. Alipofariki tulikuta katika sanduku lake stakabadhi tatu za kodi hiyo, zimekunjwa vizuri. Hakuna karatasi nyingine ya enzi zile yenye jina lake. Kile kilichomtesa ndicho kilichomshuhudia kwamba aliishi.

Mama hakutozwa, kwa hiyo hana hata stakabadhi moja. Katika daftari la Firenze mjane aliyekuwa mkuu wa kaya alijieleza mwenyewe, na Herlihy alipozeeka katika kazi aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1990, juu ya kazi za wanawake wa zama zile. Aliweza kwa sababu kuna mtu aliyeandika.

Msomaji, kama una mzee nyumbani, chukua daftari umwulize alizaliwa wapi, alilima nini, alizika watoto wangapi. Akikuambia ana miaka sitini, iandike hiyo sitini. Mama yangu alizika wawili, na mpaka leo majina yao nayajua mimi peke yangu.